Baba mdogo amestaafu jeshi: anaweza kurudi kulinda amani?

Swali: Shikamoo Kanali. Ninaandika kutoka Kasulu. Baba yangu mdogo ni Meja mstaafu wa JWTZ. Alikwenda Darfur na kikosi, baadaye akaenda Kongo peke yake kama mwangalizi wa kijeshi. Ana miaka 54, afya yake ni nzuri, na kukaa tu nyumbani kunamchosha. Kuna mtu Kigoma mjini amemwambia kwamba UN inachukua maofisa wastaafu kwa cheo kilekile, na kwamba akitoa laki nane za fomu na vipimo atamwingiza. Baba mdogo anataka kuzitoa kwenye kiinua mgongo. Je, ni kweli? Na kama si kweli, mtu kama yeye anaweza kuendelea na kazi hii kwa njia ipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na la haraka: baba yako mdogo asitoe hata shilingi moja. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira, iwe fomu, usaili, mafunzo au vipimo vya afya. Anayedai pesa kwa jina la UN ni tapeli, hata akija na barua yenye nembo ya bluu na muhuri unaong'aa. Wastaafu wetu wanawindwa sana na watu wa aina hii, kwa sababu mtaa mzima unajua nani kapokea mafao na lini. Na laki nane, kwa mtu aliyetoka kushika kiinua mgongo, huonekana ndogo. Namba ya huyo bwana ipelekeni polisi Kasulu kabla hajampata mstaafu mwingine.

Hata tukiweka pesa pembeni, maelezo yake hayasimami. UN haina jeshi. Tangu waangalizi wa kwanza walipopelekwa Mashariki ya Kati mwaka 1948, kila mwanajeshi aliyevaa bereti ya bluu ametolewa na serikali ya nchi yake. Baraza la Usalama hupitisha azimio la kuanzisha misheni, kisha nchi wanachama huombwa vikosi. Mwanajeshi huenda kwa amri ya jeshi lake, hubaki chini ya nidhamu ya jeshi lake, na hulipwa mshahara na serikali yake. UN huirudishia serikali kiwango maalumu kwa kila askari kwa mwezi. Mwaka 2018 kiwango hicho kiliwekwa dola 1,428, sawa kwa nchi zote. Baba mdogo alipokwenda Kongo "peke yake", napo alipelekwa. Jina lake lilitoka Makao Makuu ya Jeshi, likapita kwenye uwakilishi wetu wa kudumu New York, ndipo likafika kwa wanaosimamia operesheni za amani. Siku aliyovua sare, njia hiyo ilifungwa, na hakuna wakala wa Kigoma, Dar es Salaam au kwingineko mwenye ufunguo wake.

Hapa ndipo wastaafu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo ningependa baba mdogo asikate. Misheni ya amani ina mlango wa pili, wa watumishi wa kiraia, na wanajeshi wastaafu wa nchi nyingi wanaupita. Ila cheo hakipiti nao. "Meja" itabaki kuwa heshima yake hapo Kasulu, kwenye vikao vya harusi na Siku ya Mashujaa kila Julai 25. Kwenye maombi ya kazi, anayesoma anataka kujua ulifanya nini, ukiwa na watu wangapi, mahali gani, na kilitokea nini baada ya wewe kufanya. Hilo ndilo jambo ambalo maofisa wetu hawaambiwi siku wanapoagwa, na ndilo linalowafanya watu wenye uzoefu mkubwa wakose kazi wanazozimudu kabisa.

Chukua hizo safari zake mbili. Familia nyingi huisimulia safari ya Darfur kama ndiyo kazi kubwa, na ninaelewa kwa nini. UNAMID, misheni ya pamoja ya UN na Umoja wa Afrika, iliyoundwa kwa azimio 1769 la Julai 2007 na kumaliza kazi mwishoni mwa 2020, ilitugharimu. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba waliuawa katika shambulio la kuvizia huko Darfur Kusini. Kwenda na kikosi mahali kama pale ni kazi ya moyo na asitokee wa kuidharau. Lakini kwa anayetafuta ajira ya kiraia leo, safari ya Kongo ndiyo yenye uzito zaidi, na huenda yeye mwenyewe hajawahi kulitazama hivyo.

Mwangalizi wa kijeshi hana silaha. Anaishi na timu ndogo ya maofisa wa mataifa mbalimbali wanaopika jiko moja. Asubuhi wanatoka na magari mawili meupe yenye bendera kwenda kijiji ambako usiku zimesikika risasi. Njiani kuna kizuizi: gogo limelazwa barabarani, vijana sita, wawili wana bunduki, mmoja amelewa. Ofisa anashuka mikono ikionekana, anaacha mlango wa gari wazi, anamsalimia kwanza mkubwa wao hata kama ni kijana wa miaka kumi na tisa. Anauliza habari za mvua, za barabara, za nyumbani kwao. Silaha hazitaji. Gogo linapoondolewa, tayari ameshajua kundi lina watu wangapi, linatoka upande gani, nani anatoa amri na chakula chao kinatoka wapi. Akifika kijijini anaketi na chifu, halafu anamtafuta muuguzi wa zahanati, kwa kuwa yale ambayo wazee wanayaonea aibu kuyasema hufika zahanati kwanza. Jioni anaandika ripoti: saa, mahali kwa vipimo vya ramani, tulichokiona kwa macho yetu, tulichoambiwa na nani, na tunachokisia. Vitu hivyo vitatu vya mwisho havichanganywi kamwe. Ripoti ikigeuza kilichosikika kuwa kilichoonekana, kuna siku kijiji kitahamishwa bure, au kitaachwa palepale ilhali kilistahili kuhamishwa.

Hiyo ni kazi ya upatanishi, uchunguzi na uandishi. Baba mdogo ameifanya, tena bila kumngoja mkalimani kama ilivyowalazimu wenzake wa Asia na Amerika Kusini. Kiswahili kinamfikisha Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Kalemie. Na kama Kiha anakiongea vizuri, Kirundi hakimpigi chenga. Watu wa Kigoma mmezoea kuona kwamba mko mwisho wa reli. Kwa kazi za Maziwa Makuu mko mlangoni, maana Kongo na Burundi ni majirani zenu wa kuvuka tu.

Sasa kazi zenyewe. Misheni na mashirika ya UN huajiri raia kwenye usalama wa watumishi, uchukuzi, uendeshaji wa kambi, vituo vya pamoja vya operesheni na vya uchambuzi wa taarifa, uteguzi wa mabomu, mageuzi ya sekta ya ulinzi, na ile kazi ya kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha uraiani. Kwa historia yake ningemwelekeza kwanza kwenye hiyo ya wapiganaji na kwenye vituo vya operesheni. Wastaafu wengi hukimbilia usalama kwa kuwa ndiyo inayofanana na jeshi, na matokeo yake ndiko wanakobanana.

Umri haujamtupa mkono. Nafasi za waangalizi na wanadhimu wenye sare kwa kawaida huishia miaka 55, lakini mtumishi wa kiraia wa UN hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 65. Nafasi za daraja la P, yaani za kitaalamu, zinadai digrii, na uzoefu unaohesabiwa kwa miaka: P-3 kwa kawaida mitano, P-4 saba. Kama hana digrii, asifunge daftari. Yapo matangazo, hasa ya usalama, yanayokubali cheti cha chuo cha kijeshi pamoja na miaka ya ziada ya kazi badala ya digrii, na zipo nafasi za daraja la FS, yaani huduma za uwandani, zinazotazama zaidi ujuzi. Chuo cha kijeshi cha Monduli akiandike. Kama alipita Chuo cha Ukamanda na Unadhimu Duluti, hicho pia akiandike na kueleza kilifundisha nini. Upo pia mpango wa watu wa kujitolea wa UN, wenye makao yake Bonn, ambao hupokea hata watu wazima wenye uzoefu mrefu. Hauna mshahara bali posho ya kujikimu, lakini unamweka mtu ndani ya mfumo. Nafasi zote za sekretarieti hutangazwa kwenye tovuti ya careers.un.org, na maombi hufanywa na mwombaji mwenyewe.

Kwenye uandishi wa wasifu nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoangukia. Tuseme Darfur alikuwa kamanda wa kombania. Kwa mazoea ataandika: "OC, Kombania B, UNAMID." Afisa ajira aliyeketi ofisini Entebbe au New York hajui kombania ina watu wangapi wala OC anafanya nini kutwa. Aandike hivi, kwa Kiingereza chake: niliongoza watu 120 kwa mwaka mmoja, nilipanga doria za mchana na usiku kuzunguka kambi ya waliokimbia makwao, nilisindikiza misafara ya chakula, kila wiki nilikaa na viongozi wa kambi, wakiwemo wanawake wanaokwenda kutafuta kuni, baada ya vikao hivyo nilibadilisha saa za doria zifuate saa za kuni. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayomwitisha kwenye usaili, kwa kuwa inaonyesha ofisa aliyesikiliza raia kisha akabadili mpango wake. Kila mstari uwe wa kweli na awe tayari kuusimulia kwa undani akiulizwa.

Watamuuliza kwa namna hiyo pia. Usaili wa UN huenda kwa kusimulia visa vilivyokutokea: tuambie siku ambayo ulilazimika kufanya uamuzi bila taarifa za kutosha, tuambie siku uliyotofautiana na mwenzako wa taifa jingine. Wanataka kujua hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, ikawaje. Malezi ya jeshi yanamfundisha ofisa kusema "tulifanya", na ni malezi mazuri, lakini pale mezani "tulifanya" inamnyima alama. Aseme "nilifanya" pale alipofanya yeye. Mpe mazoezi wewe mwanangu: mwulize maswali hayo jioni, asimulie kwa dakika tatu tatu, mkate anapozunguka. Atakasirika mwanzoni, kisha atazoea.

Afungue pia sanduku la bati. Atafute cheti cha medali ya UN, ambayo hutolewa kwa aliyetimiza siku 90 za utumishi kwenye misheni. Tathmini aliyoandikiwa alipomaliza muda Kongo. Vyeti vya mafunzo ya kabla ya kwenda misheni. Na barua za kumruhusu kusafiri. Awatafute wakubwa wake wa kigeni wa wakati ule, kwa kuwa mdhamini aliyemwona akifanya kazi ana thamani kuliko mdhamini mwenye cheo kikubwa. Ila asipeleke popote nyaraka za operesheni, idadi za silaha wala mipango ya kijeshi. Kiapo cha siri hakistaafu, na mwajiri makini akiona mtu anamwaga siri za jeshi lake atajiuliza za kwake zitamwagwa lini.

Kuna jambo moja gumu ambalo lazima amjibu mtu kwa ukweli, angalau wewe: je, aliondoka misheni zote mbili akiwa safi? UN hukagua rekodi ya kila anayeomba. Mwaka 2023 UN ilitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha Watanzania 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono. Liliniuma kama mwanajeshi, na linaniuma zaidi nikiwafikiria wanawake na mabinti waliodhani wale waliovaa helmeti za bluu ndio kimbilio lao. Mtu aliyerudishwa kwa utovu wa nidhamu asipoteze muda kuomba. Aliye safi aseme hivyo bila woga, na awe tayari kuchunguzwa.

Nisingemtendea haki kama nisingesema hali ilivyo. Misheni zinapungua. Ya Mali ilifungwa mwishoni mwa 2023. Misheni ya Kongo, MONUSCO, iliondoka Kivu Kusini mwaka 2024. Ya Lebanon, ambako polisi jeshi wetu wamefanya kazi miaka mingi, Baraza la Usalama limeshaipangia mwisho wa Desemba 2026. Mwaka 2025 UN ilitangaza kupunguza robo ya wanajeshi na polisi wake katika misheni tisa kwa kukosa fedha, na raia nao wanapunguzwa. Majeshi ya SADC yaliyokwenda Cabo Delgado mwaka 2021 yaliondoka 2024, na yale ya Kongo mashariki yalisitishiwa kazi Machi 2025. Nafasi zipo, ila wanaozigombea ni wengi, wakiwemo watu waliokuwa ndani na mikataba yao imekatika.

Kwa hiyo asitazame ng'ambo peke yake. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko hapohapo wilaya ya Kasulu tangu 1996. Shirika la UN la wakimbizi (UNHCR), Mpango wa Chakula Duniani na mashirika washirika wamefanya kazi Kigoma kwa miaka mingi, na kazi zao zinahitaji watu wa ghala, misafara, usalama wa watumishi na uhusiano na jamii. Bajeti zao nazo zimebanwa, hilo lijulikane. Lakini mwaka mmoja wa mkataba wa raia ndani ya shirika la kibinadamu utamsaidia kwenye maombi kuliko miaka mingine mitano ya kujitambulisha kama Meja mstaafu. Upande mwingine ni ualimu. Vituo kama kile cha Karen jijini Nairobi na Chuo cha Amani cha Rwanda kilichoko Musanze hutumia wakufunzi waliowahi kuwa misheni. Mtu anayeweza kusimama mbele ya darasa na kueleza kile kizuizi cha gogo hatua kwa hatua ana kitu ambacho hakiko kwenye vitabu vya mafunzo.

Atawataja majenerali, wastaafu hupenda kuwataja. Ni kweli Meja Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, aliyekuwa naibu kamanda wa kikosi cha UN Rwanda mwaka 1994, alirudi miaka mingi baadaye kama kiongozi wa kiraia wa ngazi za juu huko Darfur. Ni kweli Brazili ilimwita kutoka kustaafu Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz akaongoze majeshi ya MONUSCO mwaka 2013, na baada ya kumaliza akapewa kuandika ripoti ya namna ya kupunguza vifo vya walinda amani. Watu wa ngazi hiyo huteuliwa na Katibu Mkuu kwa mazungumzo na serikali. Kwa Meja haiendi hivyo. Kwake kuna tovuti, fomu na usaili.

Kabla ya yote hayo, mwulize kama kweli anataka kurudi au anatafuta tu pa kukimbilia uchovu wa nyumbani. Mwulize analalaje. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki, eneo la Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi na Watanzania zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata, karibu na Beni vilevile, askari wa Malawi, Private Chancy Chitete, alikufa akimwokoa Koplo wetu Ali Khamis Omary, na UN ikamtunuku nishani ya juu kabisa ya ushujaa inayobeba jina la Kapteni Mbaye Diagne. Waliokuwa maeneo yale, hata wasiojeruhiwa, wamerudi na mambo ambayo hawayasemi sebuleni. Mtu anaweza kuwa na afya nzuri ya mwili na bado anaamka saa nane usiku kukagua madirisha. Kama ni hivyo, aende kwanza hospitali ya jeshi akaonane na wataalamu wa afya ya akili. Hakuna aibu ndani yake, na mama mdogo ashirikishwe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua usiku unakuwaje.

Akijibu kwamba anataka, na analala, basi aanze na Kifaransa. Kwa Kongo na Afrika ya Kati, Kiingereza pekee kinamwacha nje ya nusu ya matangazo. Kasulu hamkosi mwalimu: wako Warundi na Wakongo wengi waliosoma kwa Kifaransa na wanaohitaji kipato. Afanye pia mafunzo ya usalama ya BSAFE, ambayo kila mtumishi wa UN lazima ayapite. Yanasomwa mtandaoni bila malipo. Halafu achague matangazo machache yanayomfaa hasa, kila moja aliandikie upya badala ya kunakili maombi yaleyale. Majibu huchukua miezi mingi, na mengine hayaji kabisa. Akishatuma la kwanza asikae kusubiri simu. Kesho yake aanze kuandika la pili.